Rangi Nene ya Mzee Gedion

Nianze kwa kusema kwamba sipendi kazi mbaya. Kuna watu wenye moyo mkubwa, wakiona kitu kimepakwa ovyo wanasema, "Umejaribu." Mimi siwezi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikipaka kucha mjini Nakuru, na mteja akitoka kwangu na ukucha mmoja ulioenda upande, nitamfuata mpaka stendi nimrudishe kitini. Mume wangu huita hilo ugonjwa. Nilikuwa nikimwambia ni yeye asiyejua kuangalia.

Jumamosi nikifunga duka saa nane huenda Bondeni kwa Hafiz, fundi wa meno ya bandia. Nyuma ya karakana yake kuna chumba, na ndani ya chumba kuna meza kubwa tuliyoitengeneza kwa milango miwili ya zamani. Juu ya meza tumejenga milima ya kadibodi na vichaka vya sponji ya kuoshea vyombo, na hapo ndipo tunapopiganisha majeshi yetu. Wanajeshi wenyewe hawazidi urefu wa kidole gumba. Ni majitu, mashujaa wenye mabawa, wachawi wenye fimbo. Wengi huja kwa boksi wakiwa vipande vipande, unawaunganisha kwa gundi, kisha unawapaka rangi. Tuko watu wanane, wazima wenye watoto na kazi zao, na tukiulizwa tunaenda wapi tunasema kuna mkutano.

Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba rangi inapakwa nyembamba. Unaizimua kwa maji mpaka inakaribia maziwa, unapaka, unangoja ikauke, unapaka tena, mara tatu au nne. Ukipaka nene unaziba kope, unaziba vidole, unaziba mikunjo ya nguo, na sura yote inakuwa uji. Mtoto wa wiki moja katika mchezo huu analijua hilo.

Mzee Gedion, mmoja wetu, alipoambiwa sheria hii alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye alikuwa fundi wa kuandika mabango, na kabla mashine za kuchapisha hazijamnyang'anya kazi, nusu ya bucha na vinyozi wa Bondeni walikuwa na mwandiko wake ukutani. Alipaka kwa rangi ya mafuta, ile ya kopo ya kupaka milango. "Rangi ni ya kuonekana," aliniambia. "Nikiiongeza maji si nitakuwa nauzia watu maji?" Na wanajeshi wake aliwapaka kama alivyopaka kuta.

Jeshi lake lilikuwa la ngiri. Alimchonga mmoja kwa ile gundi ya kukandwa ambayo mafundi huzibia mabomba: ngiri aliyesimama kwa miguu miwili, mkuki juu, meno yamejipinda kando ya mdomo. Hafiz akamtengenezea kalibu kwa dawa anayotumia kuchukua alama za meno ya wagonjwa, kisha akamwaga ngiri thelathini kwa plastiki ya meno ya bandia. Walitoka wote sawasawa, ngiri mmoja mara thelathini, na wote rangi ya ufizi. Kila alipofungua kalibu Hafiz alisema, "Mamangu asijue nimeacha meno ya watu natengeneza nguruwe."

Wakati huo jicho la kushoto la Mzee Gedion lilikuwa limeshakwenda kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa njiani. Alipaka ngiri wake kwa miezi saba, akiwaleta karibu na pua. Baada ya kumaliza wa thelathini hazikupita wiki sita, la kulia nalo likazima.

Mkewe, Mama Kimberly, alimpenda, na kwa sababu hiyo alimkataza kila kitu. Asiwashe jiko. Asiende dukani peke yake. Asikaribie ngazi, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yake miaka thelathini. Alikatiwa nyama na kufungiwa viatu. Siku moja tukingoja chai kwa Hafiz aliniambia bila kunung'unika, kama anayetoa taarifa tu: "Wariara, siku hizi hata kikombe napewa kwa mikono miwili. Hapa kwa meza pekee ndio hakuna mtu ananishika mkono."

Ilikuwa kweli. Katika mchezo wetu kila mwanajeshi ana majeraha yake. Aliyechomwa mara mbili hatembei sawa na mzima, kwa hiyo ni lazima ujue nani ni nani. Sisi wengine tunamvalisha majeruhi pete ya uzi mwekundu. Mzee Gedion hakutaka uzi. Alinyoosha mkono polepole juu ya meza, akamgusa ngiri mmoja kwa kidole gumba, akasema, "Huyu Shemeji, ameumia mara moja, anaenda inchi tano." Wote walikuwa na majina. Kulikuwa na Shemeji, na Mate, na Kamati, na Bwana Bucha, na Mlevi wa Pili, ingawa wa kwanza hatukuwahi kumjua. Alipima kwa rula tuliyoitia alama kwa kisu, akasoma dadu kwa ncha za vidole, na hakukosea. Watu wenye macho yao mawili walikuwa wakifungwa na yeye kila mwezi.

Tulisema mzee ana kichwa. Mimi niliamini anakumbuka nani amesimama wapi, na kwa kuwa nyumbani aliwaweka kwenye trei ya mayai, kila mmoja na shimo lake, niliamini pia kwamba anawajua kwa mpangilio. Niliamini yote hayo kwa sababu sikuwahi kumwuliza.

Mwezi wa pili watu wa Gilgil wakatuandikia. Wana kikundi chao kinachoongozwa na Kiplimo, mwalimu wa sekondari. Wanapaka vizuri, na ubaya wao ni kwamba wanajua. Walisema watakuja Nakuru Jumamosi ya mwisho ya mwezi, jeshi kwa jeshi, na watakuja na mpiga picha. Hafiz akapanga Mzee Gedion acheze na Kiplimo mwenyewe, meza kuu. Mzee alifurahi mno. Alianza kujizoeza nyumbani, akimpigia Hafiz simu kila siku kumwuliza Kiplimo anapenda kushambulia upande gani.

Mimi nilikuwa nawaza picha. Niliwaangalia wale ngiri vizuri, na roho ikaniuma. Rangi ilikuwa imetiririka ikaganda kwa matone. Mmoja alikuwa na donge zima begani. Mwingine jicho lake lilikuwa limeteremka mpaka shavuni. Kuna aliyegandwa na unywele wa brashi mgongoni, na unywele ukapakwa naye. Nikajiambia kwamba mzee angekuwa anaona angeona aibu, na kwa kuwa haoni, ni juu yetu kuona aibu kwa niaba yake. Wakati huo nilidhani hayo ni mapenzi.

Nikaenda nyumbani kwao mzee akiwa amepelekwa kwa kinyozi. Nilimweleza Mama Kimberly kwamba nataka kumpa mzee zawadi ya kushtukiza, nitawachukua wanajeshi niwapake upya, na yeye amwambie tu kwamba nawaosha vumbi kabla ya mashindano.

"Wiki mbili zote?" aliuliza.

"Ni kazi ya kuchunga, Mama Kimberly."

Aliishika ile trei kwa muda kabla ya kunipa. "Usinipotezee hata mmoja. Huyu mzee anawajua wote. Akikaa hapo kwa kiti ni hao tu anashika."

"Nitawarudisha vile vile, kila mtu kwa shimo lake."

Na nilikuwa mwangalifu, jambo ambalo bado linanichekesha vibaya. Kabla ya kugusa chochote nilichora namba chini ya kila ngiri kwa sindano, moja hadi thelathini, kufuata mashimo ya trei. Niliona nimefikiria kila kitu.

Asetoni ya kucha ingeyeyusha plastiki, kwa hiyo nilinunua kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni. Nikavaa glavu, nikawalaza ngiri ndani ya ndoo siku mbili. Rangi ya Mzee Gedion ililainika ikaanza kuachia vipande vipande. Nikawasugua kwa mswaki mmoja mmoja, nikimwaga maji kwenye mtaro. Yalitoka mekundu, ya njano, ya kijani, mwishoni yakawa matope tu. Ngiri wakarudi kuwa na rangi ya ufizi, safi kabisa, na nikiri kwamba nilifurahi.

Kisha nikapaka. Siku kumi na mbili, kila saa nisiyokuwa na mteja, na wateja wawili nikawadanganya kwamba stima zimepotea. Nilipaka manyoya ya mgongoni unywele kwa unywele. Meno niliyaanza kwa kahawia kwenye fizi nikayamaliza kwa rangi ya samli kwenye ncha. Macho niliyapaka kwa brashi niliyoipunguza mpaka ikabaki na nywele tatu, na katika kila jicho nikaweka nukta nyeupe, ile inayofanya kitu kionekane kimekuona. Wote niliwavalisha sare moja, mshipi mmoja, kivuli kimoja. Ukipitisha kidole juu yao husikii kitu. Sijawahi kupaka vizuri namna ile, na sidhani nitapaka tena.

Jumamosi ikafika. Watu wa Gilgil walikuwa wakiongea kwa sauti, lakini nilipofunua trei wote walisogea mezani. Kiplimo aliinama, akamchukua ngiri mmoja kwa vidole viwili, akamgeuzageuza.

"Nani amepaka hizi? Aisee, hii ni noma."

"Ni jeshi la Mzee Gedion," nilisema, na sikusema zaidi, nikijua kila mtu ataniangalia mimi. Wakaniangalia. Mpiga picha alipiga picha nyingi. Ni Hafiz peke yake aliyekunja uso, akasogea karibu nami akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee ameziona?" Kisha akajisahihisha: "Amezishika?" Nikamwambia aache wivu.

Mama Kimberly alimfikisha mzee mlangoni. Kutoka mlangoni hadi mezani alikuja mwenyewe, kama kawaida yake, mkono mmoja ukifuata ukuta. Alikuwa amevaa koti la harusi za watu.

"Mzee, tumekufanyia saprais," nilimwambia.

"Nimesikia watu wanashangaa," alisema, akitabasamu. Akanyoosha mkono kwenye trei, akamtoa wa kwanza, akampitishia kidole gumba. Tabasamu lilibaki kidogo, kama mtu anayejipapasa mfukoni akiamini funguo ziko. Akamrudisha. Akamtoa wa pili. Wa tatu. Alienda hivyo mpaka wa sita, na kila mmoja alimgusa mahali tofauti: huyu begani, huyu kwenye shavu, huyu mgongoni.

"Wariara, hizi ni za nani?"

"Ni zako, Mzee. Nimezipaka upya zote. Zimekuwa smati ajabu."

"Na zangu ziko wapi?"

Nikamweleza haraka haraka kwamba ni wale wale, kila mmoja kwa shimo lake, wa kwanza ni wa kwanza na wa mwisho ni wa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho. "Umetoa rangi yangu," alisema, na hakuliuliza kama swali.

Alijaribu kucheza. Hafiz aliwapanga kwa mpangilio wa trei, na raundi ya kwanza mzee aliwaendesha kwa kukumbuka. Raundi ya pili majeshi yakakutana kwenye daraja, ngiri wakachanganyikana, wengine wakafa wakatolewa. Akamgusa mmoja akangoja. Akamgusa wa kando yake. Vidole vilimpapasa yule ngiri juu hadi chini na havikupata kitu cha kushika.

"Huyu ni nani?"

"Huyo ameumia mara moja, mzee," Kiplimo alimjibu kwa heshima. "Wa tatu kutoka kwa daraja."

"Asante, mwalimu."

Raundi ya nne mkono wake ulipotea kabisa, ukaangusha wawili. Ndipo Kiplimo, ambaye ni mtu mzuri na sina la kumlaumu, akauchukua mkono wa Mzee Gedion kwa upole, akaupeleka mpaka juu ya ngiri anayestahili kutembea. Chumba kizima kiliona. Mzee aliuacha mkono hapo, chini ya mkono wa mwalimu, kwa muda wa kuhesabu tano hivi. Kisha akairudisha mikono yote miwili, akaiweka mapajani.

"Wariara," alisema, "nichezee."

Nikacheza. Yeye alikaa kando yangu na koti lake, akigeuza uso kila dadu zilipoanguka. Tulishinda. Picha zilitoka vizuri mno, watu wakaandika pongezi mpaka kutoka Kisumu, na sikuwa na hamu ya kumjibu hata mmoja.

Jumatatu nilifunga duka nikaenda kwao na ile trei, kwa kuwa aliiacha mezani. Mama Kimberly alinifungulia, akaitikia salamu yangu kwa kichwa, akanionyesha ndani kwa kidole. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mikono mitupu.

"Mzee, nisamehe. Sikujua unawajua kwa kuwagusa. Nitawapaka tena vile walikuwa, rangi nene, kila mmoja na donge lake."

"Unajua vile walikuwa?"

Nilikuwa na picha zaidi ya mia za kazi yangu kwenye simu, na ya kazi yake hata moja.

"Keti," alisema. Nikaketi. "Hiyo ya mchezo si kitu. Ningeweka uzi kama nyinyi, ningezoea. Sikiza. Sura ya Mama Kimberly, nikijaribu kuikumbuka, inakuja ile ya kitambo, ya picha ya harusi. Ya sasa imenitoroka. Rangi ya mlango wetu sikumbuki. Lakini hawa niliwapaka macho yakiisha, nikiwaangalia hapa karibu na pua, mmoja wiki nzima. Ndio vitu vya mwisho niliona vizuri. Nikishika lile donge la bega la Shemeji, nyekundu ilikuwa inakuja. Si ati nakumbuka, naiona kabisa, nyekundu yenyewe. Mate alikuwa na tone hapa kwa jino, nikiligusa naona njano. Nilikuwa na thelathini. Nikikaa hapa mchana nilikuwa naziangalia moja moja." Akasugua kidole gumba kwenye ncha za vidole vyake. "Wewe umepaka laini sana. Nikigusa ni giza tu."

Nililia. Sitaki kusema machozi yalinilengalenga au kitu kama hicho. Nililia kwa sauti mpaka Mama Kimberly akatoka jikoni kuangalia. Nilikuwa nafikiria maji ya ile ndoo yakiingia mtaroni. Mzee hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kama unavyongoja gari lipite ndipo uendelee kuongea.

"Mama Kimberly," aliita, "yale makopo yangu bado yako?"

Aliyaleta manne, yamekauka midomo. Mzee alidai bisibisi, na mkewe alipotaka kumfungulia alimwambia hapana, akafungua mwenyewe, akatoboa ngozi ya juu kwa kidole. Ilichukua muda mrefu na rangi ikamwagika kwenye suruali, na Mama Kimberly akasimama pale akiuma kanga yake.

"Hii ni gani?" aliniuliza.

"Nyekundu."

"Nipe mmoja."

Nikampa wa kwanza kwenye trei, yule aliyekuwa Shemeji. Alimweka kiganjani, akatafuta uso kwa ukucha.

"Ulimpaka macho?"

"Ndiyo."

"Ni mazuri?"

Ningeweza kusema ni ya kawaida. "Mzee, ni macho mazuri kuliko yote nimewahi kupaka."

Aliitikia kwa kichwa, kama fundi anayemsikiliza fundi. Kisha akachovya kidole gumba ndani ya kopo, akakitoa kimejaa, akambandika ngiri donge begani. Rangi ilikuwa nyingi mno. Iliteremka shingoni, ikapanda shavu alipomgeuza, ikajaza jicho la kushoto, halafu la kulia, na zile nukta nyeupe mbili nikaziona zikizama. Iliniuma, na sikusema. Mzee akamshikilia wima, akapuliza, akangoja. Akamgusa donge kwa ncha ya kidole, taratibu, uso umeinuliwa kuelekea ukutani.

"Nyekundu?"

"Ndiyo, mzee. Nyekundu."

Aligusa tena, akakaa vile vile kwa muda mrefu.

"Siioni," alisema. Akamlaza ngiri kwenye gazeti akaukie hapo, akaninyooshea mkono. "Lete mwingine."